Mgonjwa katoka operesheni: harufu sawa, moshi hapana

Hapa Tanga mgonjwa akirudi kutoka operesheni, chetezo kinamtangulia chumbani. Kitoeni. Mzee mmoja aliyepasuliwa ngiri kule Ngamiani alifukiziwa ubani na bintiye kwa mapenzi tu. Akashikwa na kikohozi, na kila akikohoa anajibana mshono, jasho linamchuruzika. Tukampa mto aukumbatie tumboni. Tangu hapo nyumba ninayoihudumia haiwashwi mkaa. Tunatumia mafuta ya harufu, hivi:

1. Uliza kwanza. Mwambie daktari au muuguzi unachotaka kutumia, hasa kwa mwenye pumu au mzio. Dawa za maumivu zinaendelea kwa saa zake. Harufu humtuliza mgonjwa, haichukui nafasi ya kidonge.

2. Mafuta. Lavenda kwa utulivu na usingizi, tangawizi kwa kichefuchefu cha nusukaputi. Nunua mafuta halisi, chupa ndogo ya kioo cheusi, si marashi ya dukani. Karafuu za kule Amani, Muheza, tunazijua, ila mafuta yake ni makali, yanachoma ngozi. Yaache.

3. Pamba. Dondosha tone moja, mawili yakizidi. Aishike mwenyewe, kama upana wa kiganja kutoka puani. Avute pumzi kwa pua taratibu, aitoe kwa mdomo, dakika tano hivi. Akikunja uso, ondoa. Nadhani nusu ya kazi inafanywa na huko kupumua tu. Bibi mmoja aliikataa lavenda, eti inanuka sabuni. Tukamkwangulia ganda la ndimu, akalala. Kama kuna mtoto mchanga kitandani, pamba isiwe karibu naye.

4. Kukanda. Vijiko viwili vya chakula vya mafuta ya nazi (mililita 30), matone 6 ya lavenda. Kanda viganja na vidole, polepole, ukielekea kwenye kifundo cha mkono. Usiguse mshono wala bandeji. Vigimbi usivikande kabisa, hata akikuomba: baada ya operesheni damu inaweza kuganda mguuni. Kigimbi kimoja kikivimba na kuuma, hospitali saa hiyohiyo. Akikosa pumzi, vivyo hivyo.

5. Asubuhi. Kabla hujafungua chupa, sogea karibu na bandeji unuse. Mshono ulioanza kuoza huweza kujulikana kwa pua, na chumba kilichojaa manukato kinauficha. Ukisikia uvundo, ukaona usaha au homa, weka chupa chini umrudishe kwa waliomshona.