Kabla hujaiachia Zotero marejeo ya memwari yako

Zotero ni programu inayotunza orodha ya vitabu vyako na kukuandikia marejeo ndani ya Word. Kabla ya ukurasa wa kwanza wa memwari, yaani kazi ya mwisho ya chuo, muulize direkta wako (mwalimu anayekusimamia) mtindo wa marejeo: tanbihi chini ya ukurasa, ao jina na mwaka ndani ya mabano? Jibu lake likae kwa maandishi, hata WhatsApp inatosha. Hapa Bukavu nimeona direkta aliyekubali APA, ule mtindo wa jina na mwaka, mwezi wa pili akaikana mwezi wa saba.

Lugha ya hati ndani ya Zotero iweke Kifaransa mapema, usije ukakuta "and" kati ya waandishi wawili.

Majina yetu ni matatu, programu inajua mawili. Jina na postnom (jina la pili) vikae pamoja upande wa ukoo, prénom (jina la ubatizo) peke yake. Shirika likiwa mwandishi, linahitaji kisanduku kimoja tu. Kuna kitufe kidogo pembeni ya jina cha kubadilisha hilo. Mimi sikukigusa, "Banque mondiale" ikatoka (Mondiale, 2018), na mmoja wa jury, walimu wanaohukumu kazi, akaniuliza kwa upole huyo Bwana Mondiale anafundisha wapi.

Namba ya ukurasa iandike ndani ya kisanduku cha rejeo, si kwa mkono baadaye.

Sasa hili lisomeni polepole. Jioni moja umeme ulikatika Kadutu, laptop imebaki na asilimia 9. Nikamtumia mdogo wangu faili kwenye simu anirekebishie Kifaransa. Akaifungua katika Google Docs, akasahihisha vizuri kabisa, akaishusha tena kama Word, akanirudishia. Nikaendelea kuandika juu ya faili ile ile wiki nzima. Mabano yapo, majina yapo, miaka ipo, ningejuaje? Kumbe rejeo la Zotero ndani ya Word si maandishi matupu. Nyuma yake kuna msimbo unaolifunga na kitabu kilichomo kwenye maktaba yako, na safari ile ya Google Docs ilibakiza ganda ikamwaga kiini. Siku direkta aliposema geuza yote yawe tanbihi, nikachagua mtindo mpya, nikasubiri. Marejeo 11 niliyoyaweka wiki ile yakashuka chini ya ukurasa kwa adabu. Mengine 140 yalibaki pale pale, yananitazama. Niliyaweka upya moja moja, usiku mbili, kwa tochi ya simu.

Kwa hiyo: faili ikitoka mkononi mwako, ikirudi bonyeza juu ya rejeo lolote. Likipata kivuli cha kijivu, liko hai. Lisipopata, rudi kwenye kopi ya jana. Ukilazimika kuhamia Google Docs, mapendeleo ya hati ndani ya Zotero yana amri ya kubadilisha programu ya uandishi. Pitia huko kwanza. Msahihishaji mpe PDF, marekebisho uyaingize mwenyewe. Na kile kitufe cha Zotero cha kukata viungo vya marejeo, kinachoyaacha maandishi matupu, kibonyezwe kwenye kopi ya mwisho tu, maana hakina kurudi.

Folda ya Zotero ikopi kwenye fulashi, programu ikiwa imefungwa. Nafasi ya bure mtandaoni ni MB 300, na PDF za skani zinaimaliza haraka. Chaji laptop umeme ukiwepo, hata kama huandiki. Fulashi iliyotoka kuchapishia Nyawera ipime virusi kabla ya kuichomeka nyumbani, na usimwazime mtu laptop wiki ya kupeleka kazi, hata kama ni shemeji.