Kulisha Kondo la Nyuma: Foleti, Sukari na Jeni

Kondo la nyuma lina jeni zilezile za mtoto. Kinachobadilika ni zipi zinafanya kazi na zipi zimenyamazishwa. Mara nyingi jeni hunyamazishwa kwa kubandikwa vikundi vya methili (vipande vidogo vya kaboni na hidrojeni) kwenye DNA, na mwili huvitengeneza kwa msaada wa foleti (vitamini B9), vitamini B12 na kirutubisho kiitwacho kolini kutoka kwenye chakula cha mama.

Meza asidi ya foliki, yaani foleti ya vidonge, mikrogramu 400 kila siku, ukianza angalau mwezi mmoja kabla ya kushika mimba. Ukingoja hadi ukose hedhi umechelewa kidogo: mrija wa neva wa mtoto, unaokuja kuwa ubongo na uti wa mgongo, hufunga takriban siku ya 28 tangu mimba kutungwa. Aliyewahi kuzaa mtoto mwenye mgongo wazi huandikiwa dozi kubwa zaidi na daktari. Kama huli nyama, mayai wala maziwa, ongeza B12, maana foleti peke yake inaweza kuficha upungufu wake huku neva zikiharibika.

Sukari huja kimyakimya. Glukosi huvuka kondo kwa urahisi, lakini insulini ya mama, homoni inayoshusha sukari, kwa kawaida haivuki; sukari ya mama ikizidi, kongosho la mtoto hulazimika kutoa insulini yake kwa wingi, naye hunenepa kupita kiasi. Pima sukari ya damu wiki ya 24 hadi 28 kwa kunywa gramu 75 za glukosi, ukiwa hujala usiku kucha. Kisukari cha mimba huthibitishwa na kipimo kimoja tu kikifika 5.1 mmol/L (milimoli kwa lita) kabla ya kunywa, 10.0 baada ya saa moja, au 8.5 baada ya saa mbili.

Madini ya chuma, miligramu 30 hadi 60 kwa siku, yasikutane na chai wala vidonge vya kalsiamu, la sivyo hayatafyonzwa vizuri. Choo kikiwa cheusi, usishtuke.