Linki za Kununua, Maoni ya Uongo na Kurasa Bandia: Je, Bado Vinakupandisha Google?

Hapa Mwanza, mwenye lodge Nyegezi, mwenye duka la vipuri Igoma na mfanyabiashara wa dagaa wa Mwaloni Kirumba hupokea ujumbe unaofanana kwenye WhatsApp: "Tutakuweka ukurasa wa kwanza wa Google ndani ya mwezi mmoja, linki 500, bei ya kuelewana." Linki ni kiungo kwenye tovuti nyingine kinacholeta watu kwako, na Google huzihesabu kama sifa. Kabla ya kutuma pesa, mwenye biashara ana haki ya kujua kama kweli inafanya kazi.

Kwa watu fulani inafanya kazi, kwa muda. Anayetangaza michezo ya kubashiri au mikopo ya mtandaoni anaweza kuwa na majina kumi au ishirini ya tovuti. Anajua kila moja litakufa. Likishika nafasi ya juu kwa wiki chache, gharama yake imerudi. Likizama, anahamia jingine. Wewe huna pa kuhamia. Jina la tovuti yako liko kwenye kibao cha mlangoni, kwenye risiti, kwenye gari la kubebea wageni, na wateja wa zamani wamelihifadhi kwenye simu. Likizama, umezama nalo. Ndiyo maana mbinu ileile inamlipa yule na kukufilisi wewe.

Google imekuwa ikipambana na ujanja huu kwa muda mrefu, na haikuwaogopa wakubwa. Mwaka 2006 iliiondoa tovuti ya BMW ya Ujerumani kwa kutumia kurasa za chambo, yaani kurasa zilizotengenezwa kwa ajili ya kuinasa Google tu. Mwaka 2011 JCPenney ya Marekani ilishushwa baada ya kubainika kwamba maelfu ya linki zilikuwa zimepandwa ili kuipandisha. Mwaka huohuo ukaja mfumo wa Panda dhidi ya maudhui mepesi, na Aprili 2012 ukaja Penguin dhidi ya linki za kununua. Badiliko linalokuhusu zaidi lilikuja Septemba 2016: tangu hapo Penguin iko ndani ya mfumo mkuu, na mara nyingi haikushushi. Inazipuuza tu zile linki.

Hapo ndipo wengi wanapoliwa pesa bila kujua. Unalipa, unatumiwa faili la Excel lenye anwani 500, kila kitu kinaonekana kimefanyika, kisha hakuna kinachobadilika. Huoni adhabu wala faida. Fundi wa tovuti anakwambia "SEO (kazi ya kuipandisha tovuti kwenye Google) inataka subira," unalipa mwezi wa pili. Na ikitokea ulikuwa umepanda kweli kwa linki hizo, siku zikipuuzwa nafasi inaondoka nazo, na kuzifuta hakuirudishi. Google yenyewe imelisema hilo wazi: faida iliyotokana na linki za aina hiyo ikipotea haiwezi kurejeshwa.

Mbinu moja moja, na zinapovunjikia

Kurasa za mitaa. Fundi anaandika ukurasa mmoja wa "huduma ya kufungua vyoo Ilemela", kisha anaunakili kwa Nyamagana, Buhongwa, Kisesa, Usagara na Magu, akibadilisha jina la mahali tu. Mwanzoni baadhi huonekana, kwa sababu huku kwetu ushindani ni mdogo. Baadaye Google hubakiza mmoja na kuzitupa nyingine, au tovuti nzima inahesabiwa kuwa ya chambo. Kipimo ni rahisi: futa jina la mtaa kwenye kila ukurasa. Kama kilichobaki kinafanana neno kwa neno, hizo ni kurasa za chambo.

Makala za kumwaga. Programu za akili mnemba zinaweza kutoa makala 300 kwa siku moja. Tangu Machi 2024 sera za Google zinataja wazi kosa la kuzalisha kurasa nyingi kwa lengo la kupanda tu, iwe zimeandikwa na mtu au na mashine. Kosa si chombo ulichotumia. Kosa ni kurasa zisizo na kitu ambacho msomaji hakipati kwingine.

Majina ya tovuti yaliyokwisha muda. Mtu ananunua jina lililokuwa la shule au shirika, analielekeza kwako ili sifa zake zihamie. Hili nalo lilitajwa kwenye sera za Machi 2024, pamoja na lile la kukodisha kona ya tovuti yako. La pili linawahusu hasa wenye tovuti za habari za mikoani: ukipigiwa simu na mtu anayetaka folda ndani ya tovuti yako aweke kurasa za kubashiri, anachonunua ni heshima uliyojijengea kwa wasomaji. Usiuze.

Maoni ya uongo kwenye ramani. Hapa madhara huonekana haraka kuliko kwingine. Maoni mengi ya nyota tano yaliyoingia ndani ya siku mbili, kutoka akaunti ambazo hazijawahi kutoa maoni mahali pengine, huondolewa, na wasifu wa biashara yako kwenye Google unaweza kuzuiwa kupokea mapya. Kumpa mgeni punguzo ili aandike pia kumekatazwa. Kosa jingine ni jina: kama kibao kimeandikwa "Jembe Lodge", usiandike "Jembe Lodge Bora Bei Nafuu Karibu na Stendi Nyegezi". Jina kwenye Google lifuate la kwenye kibao. Wasifu ukifungiwa unaweza kutakiwa kuthibitisha upya kwa video isiyokatwa inayoonyesha barabara, kibao, kisha wewe ukifungua mlango kwa ufunguo. Kwa lodge inayotegemea wageni wa barabarani, wiki mbili bila kuonekana kwenye ramani ni hasara isiyolipika.

Maneno yaliyofichwa. Hii ndiyo inayowapata watu wasio na hatia. Fundi anakuwekea themu (muundo wa sura ya tovuti) ya kulipia aliyoipata bure kwenye tovuti za wizi. Ndani yake mna linki zilizopandwa na mtu mwingine kabisa. Kwenye Chrome, andika view-source: mbele ya anwani ya tovuti yako, kisha tafuta amri za kuficha: display:none au left:-9999px. Maneno hayo peke yake si ushahidi, maana menyu za kawaida pia huyatumia. Ukiona ndani yake jina la kasino au dawa za nguvu za kiume, umebeba mzigo wa mtu.

Kujikagua

Fungua Search Console, zana ya Google kwa wenye tovuti. Ni ya bure, na hutunza takwimu za utafutaji za miezi 16. Ingia sehemu ya Links, angalia orodha ya Top linking text, yaani maneno yanayobeba linki zinazokuja kwako. Biashara safi huonyesha jina lake, anwani yake ya tovuti, na maneno ya kawaida kama "hapa" au "tovuti yao". Ukikuta mstari wa juu kabisa ni "lodge nzuri bei nafuu Mwanza" umerudiwa kwenye tovuti ambazo hujawahi kuzisikia, kuna mtu alinunua.

Kisha nenda Manual actions, panapoorodheshwa adhabu zilizotolewa na wafanyakazi wa Google. Kama hakuna tatizo, hujaadhibiwa na mtu, ingawa mfumo unaweza kuwa unakupuuza. Halafu kwenye Google andika site: ikifuatiwa na jina la tovuti yako bila nafasi, na neno casino. Rudia kwa viagra. Ukiona kurasa ambazo hukuziandika, au vichwa vya habari vya Kijapani, umedukuliwa; shughulikia udukuzi kwanza, mengine baadaye. Mwisho tumia URL Inspection, bonyeza Test live URL, ulinganishe anachokiona Google na unachokiona wewe. Udukuzi wa aina hii mara nyingi humwonyesha Google ukurasa mmoja na mwenye tovuti ukurasa mwingine, ndiyo maana unaweza kuishi nao kwa miezi bila kushtuka.

Kusafisha ukishaadhibiwa

1. Pakua orodha yote ya linki na uweke alama zilizonunuliwa. Usiziguse za kweli, hata kama zinatoka tovuti ndogo.
2. Waandikie wenye tovuti hizo waziondoe au waziwekee alama ya rel="sponsored", inayoiambia Google kwamba linki imelipiwa. Hifadhi nakala ya kila barua pepe.
3. Zilizobaki ziandike kwenye faili la .txt la UTF-8, mstari mmoja kwa kila tovuti, kwa muundo wa domain: na jina lake. Lipakie kwenye zana ya Disavow, inayoiomba Google isizihesabu linki hizo. Zana hii haikubali tovuti iliyosajiliwa kwa aina ya Domain ndani ya Search Console, hivyo isajili pia kwa anwani inayoanza na https://. Ukipakia faili jipya, la zamani linafutwa, kwa hiyo jipya liwe na mistari yote.
4. Kurasa za chambo zifute zitoe jibu la 410 (ukurasa umeondolewa kabisa). Zenye kitu cha kweli ziunganishe kwenye ukurasa mmoja mzuri kwa 301 (kuelekeza anwani ya zamani kwenye mpya moja kwa moja).
5. Omba kukaguliwa upya. Eleza kilichofanyika, nani alifanya, umeondoa nini, ushahidi uko wapi. Majibu huchukua siku kadhaa hadi wiki kadhaa. Usitume ombi la pili kabla ya kujibiwa la kwanza.

Kama huna adhabu ya Manual actions wala hukununua linki, achana na Disavow. Watu wengi wamejikata linki nzuri kwa hofu tu.

Kinacholipa huku ziwani

Utafutaji mwingi wa Kiswahili unaohusu Mwanza hauna jibu zuri hata moja. Ndiyo sababu ujanja hauna haja: hushindani na kampuni 200, unashindana na ukurasa mtupu.

Mchukue mfanyabiashara wa dagaa. Mnunuzi wa Kigoma au wa Kongo anataka kujua gunia lina kilo ngapi, dagaa wamekaushwa juu ya chanja au mchangani, bei ya leo, na mzigo unasafirije. Anataka pia kujua bei itapanda lini. Dagaa huvuliwa usiku kwa taa, na mbalamwezi ikiwa kali taa haziwavuti, mitumbwi mingi hupumzika na mzigo unapungua. Ukurasa mmoja unaoeleza hayo, wenye tarehe za giza na mbalamwezi za mwezi huu na picha ya dagaa wa mchangani na wa chanja wakiwa pamoja, utaaminiwa kuliko linki elfu. Bei isasishwe kila wiki, na tarehe iandikwe juu.

Mwenye lodge naye ana kazi inayomsubiri. Maelekezo mengi ya zamani ya kwenda Geita yanasema ushuke Kigongo upande kivuko. Daraja la Kigongo–Busisi lilifunguliwa Juni 2025. Andika njia ilivyo leo, na utaje pia jina rasmi, Daraja la J.P. Magufuli, kwa sababu watu hutafuta kwa majina yote mawili. Fanya hivyohivyo kwa boti ya Saanane, kivuko cha Kamanga, na lango la Ndabaka kwa wageni wa Serengeti: gari linaegeshwa wapi, malipo yanafanyikaje, saa ngapi uwe umefika. Picha zipunguze ziwe na upana wa pikseli 1,200 na uzito chini ya KB 200. Kipimo cha Google ni kitu kikubwa kuliko vyote kwenye skrini kionekane ndani ya sekunde 2.5, na picha za MB 5 zilizotoka moja kwa moja kwenye simu ndizo zinazoua tovuti nyingi.

Linki za kweli ziombe kwa watu mnaofanya kazi pamoja: kampuni ya utalii inayokuletea wageni, chuo kinachofanyia semina ukumbini kwako, timu ya mpira unayoidhamini. Ya udhamini iwekewe sponsored. Bado inakuletea watu.

Kwa fundi, andikianeni. Jina la tovuti lisajiliwe kwa jina lako na barua pepe yako. Kwenye Search Console wewe uwe Owner, yeye apewe ruhusa ya Full tu. Kila linki atakayoipata aitaje kwa anwani na aeleze imepatikanaje. Themu na plagini (programu za nyongeza) zote ziwe na risiti. Malipo yafuate simu na oda zinazoingia, au walau mibofyo inayoonekana kwenye Search Console yako mwenyewe, si idadi ya linki. Anayekataa masharti haya mapema amekurahisishia uamuzi.