Kupima msitu ulioangushwa na upepo, na kuziona tena ploti zako mwakani

Wiki iliyopita nilikuwa upande wa Konde, Pemba, na kijana wetu mmoja wa uzamili anayefuatilia mivinje iliyoangushwa na upepo. Alikuwa na fomu aliyoinakili kutoka tafiti za misonobari za Ulaya, na karatasi yenye koodineti (namba za mahali kwenye ramani) za ploti, yaani vipande vya msitu vya kupimia, alizopima mwenzake aliyemtangulia. Siku mbili alizunguka porini asione hata kibati kimoja cha namba kilichopigiliwa mtini. Utafiti wa kupona kwa msitu ni kulinganisha nyakati mbili. Ukishindwa kuurudia mti uleule, una picha ya siku moja tu.

1. Kibali. Kiwe mkononi, kisha nenda kwa sheha kabla hujaingia na panga.

2. Irekebishe fomu. Misonobari mingi ikikatika shina haichipui tena. Hurudi kwa mbegu. Ndiyo maana ukisoma habari za misitu ya Landes, Ufaransa, baada ya dhoruba Klaus ya Januari 2009, mazungumzo ni ya miche na kupanda upya. Miti yetu mingi ya asili huchipua kwenye kisiki. Kwa hiyo ongeza safu ya machipukizi, na nyingine inayosema mche umejiotea au umepandwa. Hii ya pili usiiache. Dhoruba ya Aprili 1872 iliilaza mikarafuu mingi ya Unguja, na iliyokuja baadaye ilipandwa kwa mikono ya watu. Asiyejua hilo angedhani shamba limejirudisha lenyewe.

Hali ya kila mti iandike kwa neno moja: umeng'oka, umekatika, umeinama, umesimama. Ulioanguka upime mita 1.3 kutoka shingo ya mzizi, ukifuata shina, na usome kwa dira umelalia wapi. Miti ya upepo mmoja hulala takriban upande mmoja. Unaolala kinyume, kagua kisiki chake, huenda ni kazi ya shoka.

3. Ploti. Duara la nusu kipenyo mita 15. Napendelea duara kuliko mraba kwa sababu unahitaji nguzo moja tu ya katikati, na kwenye magogo yaliyopandana kona nne za mraba hazinyooki.

4. Koodineti. Hapa ndipo kijana alipokwama, na mimi mwaka wangu wa kwanza nilipotelewa na siku mbili hapahapa.

Ramani nyingi za zamani za karatasi za Tanzania zimechorwa kwa mfumo wa koodineti uitwao Arc 1960. GPS ya mkononi na simu hutumia mfumo mwingine, WGS 84. Namba zinafanana sura, kwa huku Pemba zote ni za UTM (gridi ya mita) kanda 37 kusini, lakini mahali pamoja hutofautiana karibu mita 300, na sehemu kubwa ya tofauti hiyo ni kaskazini-kusini. Msituni mita 300 ni ploti nyingine kabisa. Na ubaya wake, hakuna kitakachokuonya: GPS itakwambia umefika.

Fanya hivi. Soma maandishi ya pembezoni mwa ramani iliyotumika. Kwenye QGIS, programu ya ramani ya kompyuta, ingiza orodha ya zamani ukiitambulisha kwa namba ya mfumo EPSG:21037, ambayo ni Arc 1960. Kisha ihifadhi upya kama faili jingine kwa EPSG:32737, ambayo ni WGS 84. Kubadilisha jina la mfumo kwenye tabaka lilelile hakuzihamishi namba. Kunazipa jina la uongo tu. Kijana wetu alifanya hivyo mara tatu, kila mara akapata nukta zilezile.

Kabla ya kutoka, jaribu kwa kitu kisichohama: kona ya skuli au njiapanda iliyomo kwenye ramani na kwenye picha ya setilaiti. Zikikaa sawa, nenda. Kama karatasi haisemi mfumo, fuata dhana zote mbili, kwamba ni Arc 1960 na kwamba ni WGS 84, na utafute vibati pande zote. Sisi tulibadilisha namba jioni. Asubuhi, saa mbili haijafika, tulikuwa tumeshika nguzo ya ploti ya kwanza.

Tangu hapo, kwenye kila fomu ninaandika jina la mfumo juu kabisa, kwa kalamu ya risasi, maana wino huyeyuka mvua za masika.

5. Miche. Ndani ya duara kubwa weka viduara vidogo vinne vya mita 2, uhesabu kwa spishi na kimo.

6. Vibati. Alumini, si plastiki. Msumari nao uwe wa alumini, uuache nje sentimita tatu. Kwenye ploti ile kibati namba 17 kilipigiliwa hadi kichwa cha msumari, na gome lilikuwa limeshakifunika nusu. Tuliisoma namba kwa kulichonga kidogo kwa ncha ya kisu.