Kupima nafasi yako ya chuo kikuu ukiwa umesoma shule ya kutwa isiyo na vilabu

Nafundisha hesabu katika shule ya kutwa upande wa Vihiga, mwendo mfupi kutoka soko la Luanda. Matokeo ya KCSE, mtihani wa kumaliza sekondari Kenya, yakishatoka, swali huwa ni lile lile. Mtoto ana A-, hajawahi kufika tamasha la muziki wala maonyesho ya sayansi, mpira hakucheza kwa sababu saa kumi jioni alikuwa anakimbilia nyumbani. "Mwalimu, kweli watanichukua?" Chukua kalamu, mwanangu, tupige hesabu.

Ujue kwanza unaomba wapi. Ukipitia KUCCPS, shirika la serikali linalogawa nafasi za vyuo nchini Kenya, iwe ni Maseno, Masinde Muliro, Egerton au Nairobi, hakuna atakayekuuliza ulikuwa klabu gani. Wastani wa C+ ndio mlango wa digrii, halafu pointi zako za klasta, yaani zile za masomo ambayo kozi inayazingatia, ambazo mwisho wake ni 48, zinashindana na za wenzako waliochagua kozi hiyo. Tafuta pointi za mtu wa mwisho aliyeingia kozi hiyo mwaka uliopita, ulinganishe na zako. Basi. Inaniuma kuona mtoto anakosa usingizi kwa ajili ya vilabu, na kumbe kilichomzuia kozi ni alama ya fizikia.

Marekani ndiko shughuli hizo zinakohesabiwa, na hata huko uzito wake si mmoja kila mahali. Vyuo vingi huchapisha kila mwaka majedwali yanayoitwa Common Data Set. Nenda saiba, andika jina la chuo pamoja na maneno hayo matatu. Ni kurasa nyingi, lakini wewe una shida na sehemu nne tu. C1 ina idadi ya walioomba na waliokubaliwa. C9 ina alama za SAT, mtihani wa kuingia vyuo vya Marekani, za waliojiunga. Kama zako ziko ndani ya robo ya chini, yaani robo tatu ya waliojiunga wanakupita, hapo usitegemee sana. C7 inaeleza kila kigezo kina uzito gani, kuanzia "muhimu sana" hadi "hakiangaliwi". Soma mstari wa shughuli za nje ya darasa, kisha shuka hadi mistari ya kujitolea na kazi, maana kazi ina mstari wake. Chuo kinachosema masomo ni muhimu sana na shughuli huangaliwa tu, kiweke juu kwenye orodha yako.

Sehemu ya nne ni H6, na hapa ndipo nawaomba mkae zaidi. Inataja wanafunzi wa kigeni wangapi walipewa msaada wa karo na chuo, na kwa wastani kila mmoja alipata dola ngapi. Tuseme imeandikwa 40. Hao ni wa miaka yote minne, kwa hivyo gawanya kwa 4: ni kama watu 10 wanaoingia kila mwaka, kutoka dunia nzima. Halafu tazama wastani wa dola. Kama ni nusu ya gharama, nusu nyingine itatoka wapi? Kwa mtoto wa Luanda anayehitaji kulipiwa kila kitu, mlango mwembamba mara nyingi ni huu wa pesa, wala si vilabu. Harvard, Yale, Princeton na MIT haziangalii uwezo wa mgeni kulipa zinapoamua, na hukidhi mahitaji yake yote, lakini kila moja huchukua chini ya watu 10 kati ya 100 wanaoomba. Jaribu kimoja kati ya hivyo ukitaka. Usijaze orodha yako navyo.

Sasa tuje kwa hilo neno "sina". Fomu ya Common App, ambayo vyuo vingi vya Marekani huitumia kupokea maombi, ina nafasi 10 za shughuli, na miongoni mwa aina unazochagua kuna kazi ya malipo na majukumu ya familia. Msichana mmoja aliniambia hana hata moja. Nikamwambia anisimulie wiki yake. Kila jioni, Jumatatu hadi Ijumaa, yuko kwa meza ya omena na mama yake saa mbili; Jumamosi ni saa tisa. Hiyo ni saa 19 kwa wiki. Maelezo ya kila shughuli hayazidi herufi 150 pamoja na nafasi za katikati, kwa hivyo hakuna pa kuweka maneno matamu. Kwa Kiswahili, kabla hajaandika kwa Kiingereza, yalikuwa hivi: "Nanunua omena kwa gunia, naweka daftari la wateja 30 wanaokopa, nakokotoa faida kila Jumamosi, tumelipa karo ya mdogo wangu mihula 2." Wiki yako pia ihesabu hivyo, kwa saa za kweli. Kuna mtu mjini aliyemuuzia mzazi ninayemjua cheti cha kujitolea mahali ambapo mtoto hakuwahi kukanyaga. Usiguse kitu kama hicho. Ukigundulika, hata alama zako nzuri zitatiliwa shaka.

Mwombe pia naibu wa mwalimu mkuu aeleze shule yenyewe katika barua yake ya kukupendekeza: watahiniwa walikuwa wangapi, wangapi walipata C+ na zaidi, na kwamba vilabu havipo. Anayesoma maombi kule hawezi kujua kwamba hukukataa klabu, bali haikuwepo. Barua nyingi nilizoona husema tu "ni mtoto mwenye nidhamu". Hiyo haimsaidii mtu.

Tarehe nazo ni muhimu. Vyuo vingi hufunga maombi karibu na 1 Januari, wakati kidato cha nne ndio kwanza wamemaliza mtihani, kwa hivyo wengi wetu huomba mwaka unaofuata. Kuanzia Januari hadi Desemba una miezi mitupu. Usitafute vitu vitano. Chukua kimoja kinachotokana na unachofanya tayari: yule msichana alianza kuwafundisha akina mama watatu wa meza za jirani kuweka daftari la madeni, kila Jumapili baada ya kanisa. Mwezi wa tano walikuwa saba, na ikabidi wahamie chini ya mwembe wa kanisa kwa sababu benchi la kwanza halikuwatosha.