Chai isubiri, maharage yatangulie

Kama umeambiwa damu yako ni kidogo, au una ujauzito, au hedhi yako ni nzito, angalia unakunywa chai saa ngapi. Nyumba nyingi kwetu chapati maharage hushushiwa na kikombe cha chai, na hapo ndipo madini ya chuma, yale mwili unayotengenezea damu, yanapopotea. Chai, iwe ya rangi au ya maziwa, ina tanini (kile kinachoipa ukakasi), nayo hushikamana na chuma cha maharage, choroko au matembele, mwili ukashindwa kukifyonza vizuri. Kahawa nayo ni yaleyale. Sisemi uache chai (nani ataweza?), isogeze tu: saa moja au mbili baada ya kula.

Halafu kamulia ndimu. Vitamini C husaidia chuma cha mimea kiingie mwilini, kwa hiyo ile kachumbari ya ndimu pembeni ya sahani si pambo. Kamulia mezani, chakula kikishaiva, maana moto huiharibu vitamini hiyo. Huna ndimu? Pera au chungwa baada ya mlo linatosha. Ukipata na dagaa wa kuchanganya kwenye mchicha, bora zaidi. Chuma chao hufyonzwa kirahisi na hukivuta hata kile cha mboga.

Vidonge vya chuma navyo usivimeze kwa chai, meza kwa maji. Na ukiona viganja vimepauka, pumzi inakata ukipanda ngazi, kapime damu kwanza: minyoo na malaria hupunguza damu pia, na hayo ndimu haiyatibu.