SOMO: Presha nzuri, laktati inapanda. Soma kabla ya kuniuliza inbox

Wakuu, wiki hii nimeulizwa mara nne: presha ni nzuri, mbona laktati (kinachozalishwa seli zikivunja sukari, hasa oksijeni ikipungua) inapanda? Naandika mara moja. Mgonjwa katoka kufanyiwa upasuaji wa moyo, yuko ICU, unahisi shoku, yaani viungo havipati damu na oksijeni inavyohitaji.

1. Presha ya wastani ya ateri ikiwa chini ya 65 mmHg, usikae kimya.

2. Bonyeza ncha ya kidole sekunde 10, achia, uhesabu. Rangi ikichelewa kurudi zaidi ya sekunde 3, damu haifiki.

3. Mkojo: mgonjwa wa kilo 60 akitoa chini ya mililita 30 kwa saa, toa taarifa.

4. Laktati juu ya 2 mmol/L, rudia kipimo baada ya saa mbili. Mwelekeo ndio unaokwambia kitu.

5. Oksijeni ya damu inayorudi kwenye moyo, ile ya mshipa mkubwa wa kati. Hapa niliangukia pua. Kawaida ni kama 70%. Ikiwa 50, seli zinaletewa kidogo na zinakamua zaidi: tafuta moyo uliochoka au damu pungufu. Mimi nilikuta 84, nikamwambia daktari kwa furaha "oksijeni ipo tele". Laktati ikatoka 3 ikafika 6. Oksijeni ilikuwepo kweli, ila ilipita kama daladala isiyoshusha abiria: ama damu inakatiza bila kupita kwenye mishipa midogo, ama mitokondria (vinu vya nishati ndani ya seli) hazitumii oksijeni ambayo seli inapewa. ONYO: 84 na laktati inayopanda si habari njema. Usiandike "anaendelea vizuri".

MASWALI

— Kwa hiyo laktati ikipanda naongeza dripu?
Umesoma namba 5 au umeruka? Moyo uliotoka kushonwa hujazwi maji kwa kubahatisha. Mwite daktari.

— Samahani kaka, mgonjwa wangu yuko kwenye adrenalini (dawa ya kusukuma moyo na presha), miguu ina joto, mkojo mzuri, laktati 5. Inakuwaje?
Swali zuri sana dada. Adrenalini yenyewe inaharakisha misuli kuvunja sukari, laktati inazalishwa hata oksijeni ikiwepo. Ndiyo maana namba 2 na 3 zipo. Mueleze daktari yote matatu, dozi aamue yeye.

— Nyongeza: sampuli isikae mezani, chembe nyekundu zinaendelea kutengeneza laktati humo humo kwenye sirinji.
Kweli kabisa. Barafu, au kimbia.

— Mrija wa kifuani umekauka ghafla, tushukuru?
Ulikuwa unatoa damu nyingi? Basi angalia kama donge la damu limeziba mrija, SASA HIVI. Damu ikijikusanya inaubana moyo: presha ya mshipa wa kati inapanda, ya ateri inashuka. Acha simu, muite daktari wa upasuaji.